Mkono wa nani? Njia tatu za kugeuza shibiri, mkono na pima kuwa mita

Swali la kugeuza mikono kuwa mita huja kwa sura nyingi hapa Amu, yaani Lamu. Mtu ana chumba cha mikono sita, na muuza mbao anamuuliza ni mita ngapi. Mwingine amesuka ukili, ule ukanda wa kushonea mikeka, wa pima ishirini, na mteja aliye Nairobi anataka kujua urefu wake kwa futi. Wa tatu amekuta "dhiraa moja na robo" katika kitabu cha fiqhi, yaani sheria za dini, na fundi wa birika la maji ya kutawadha aliyesimama mbele yake ana tepu ya sentimita. Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la nne anaiweza. Kinachowakwamisha watu ni kwamba wakiuliza wazee watatu hupata majibu matatu, na kila mzee amesema kweli, kwa sababu kila mmoja amejibu kwa mkono wake.

Mimi nilifundishwa na boriti kumi na mbili. Tulikuwa tunabadilisha dari ya chumba cha ndani katika nyumba ya mawe ya marehemu bibi, mtaa wa Mkomani. Nikapima upana wa chumba kwa mkono wangu, ukuta hadi ukuta, nikapata mikono sita kamili. Nikampelekea mkata boriti maneno tu: mikono sita, na shibiri moja kila upande ya kulala ukutani. Boriti zikaja nzuri, zimenyooka, zimekatwa sawasawa zote. Mwashi akainua ya kwanza, akailaza juu ya ukuta, akatazama ncha hii, akaenda akatazama na ile.

"Mkono wa nani huu, mwanangu?"

Mkono wangu ninapopima hutoka sentimita 47. Wa mkataji, nilipokwenda kuuona baadaye, hutoka 44. Mimi nilitaka boriti za sentimita 329, yeye akakata za 308, na katika kukata kwake hakukosea hata wanda mmoja. Chumba kina sentimita 282. Kwa hiyo kila ncha ilipata sentimita 13 za kulala badala ya shibiri nzima, na mwashi akakataa kupandisha mawe na chokaa juu ya boriti zilizoshika ukuta kwa kiasi hicho. Alikuwa na haki. Watu wangelala chini yake.

Kutoka siku hiyo nimejua njia tatu za kugeuza vipimo hivi, na nimezitumia zote. Hakuna inayofaa kila mahali. Nitazipitisha kwenye mizani moja, kisha utachagua kwa kazi uliyo nayo.

Majina kwanza

Wanda ni upana wa kidole kimoja. Shibiri ni kiganja kilichotanuliwa, kutoka ncha ya dole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho. Ukiishia kidole cha shahada si shibiri tena, ni futuri, nayo ni fupi zaidi. Watu wengi huzichanganya hizi mbili, na nusu ya ugomvi wa vipimo vidogo hutoka hapo. Mkono, ambao kwenye vitabu vya dini utaukuta kwa jina la dhiraa, huanzia kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Ukifunga ngumi na kuishia kwenye ngumi, huo ni mkono konde, na mtu akikutajia mikono ni vizuri umuulize anakusudia upi. Pima ni mikono yote miwili iliyonyooshwa kando, ncha hadi ncha. Kati ya mkono na pima iko wari.

Uzuri wake ni kwamba vinapanda kwa kuongezeka maradufu: shibiri mbili mkono, mikono miwili wari, wari mbili pima. Mwili nao karibu unatii mpango huo. Pima ya mtu mzima hukaribia kimo chake, na mkono wake hukaribia robo ya kimo hicho. Karibu, si sawasawa.

Mambo manne ya kutazama

La kwanza ni namna kosa linavyokua. Sentimita tatu kwenye mkono mmoja hazina neno. Kwenye mikono ishirini ni sentimita sitini, na kwenye ujazo wa birika kosa hupigwa mara tatu: urefu, upana na kina.

La pili ni idadi ya watu. Je, anayepima ndiye atakayekata, au kuna mtu wa pili? Katika haya manne hili ndilo ninaloliuliza kwanza siku zote, maana boriti zangu zilipotea hapa.

La tatu ni wepesi: vifaa ulivyo navyo, muda, na umbali wa kupeleka kipimo. Mji wetu ni wa kutembea kwa miguu na punda, na kazi nyingine ziko ng'ambo ya maji.

La nne ni kama kilichokosewa kinarekebishika. Pazia refu hukunjwa, mkeka mfupi huongezwa ukili. Boriti fupi hairefuki.

Njia ya kwanza: hesabu ya kudumu

Hapa unachukua mkono kuwa inchi 18, awe mpimaji mrefu au mfupi, na vingine vyote unavifuatisha:

Shibiri 1 ni inchi 9, yaani sentimita 22.86.
Mkono 1 ni inchi 18, yaani sentimita 45.72.
Wari 1 ni futi 3, yaani sentimita 91.44.
Pima 1 ni futi 6, yaani sentimita 182.88.

Tarakimu hizi hazitikisiki. Mwaka 1959 Uingereza, Marekani na nchi nyingine zinazotumia Kiingereza zilikubaliana kwamba wari, ile ambayo wengi sasa huiita yadi, ni mita 0.9144 kamili, na kwa hiyo inchi ni milimita 25.4 kamili. Kilichobaki ni kukubali kwamba mkono ni nusu ya wari, na hilo biashara ya nguo ililizoea zamani. Katika karne ya 19, merikani iliyokuwa ikishushwa pwani na kupelekwa bara ilihesabiwa kwa mikono: mikono minne shuka, mikono minane doti. Kwa hesabu hii doti ya wakati huo ni mita 3.66. Doti ya kanga tunayonunua leo, vipande viwili vya mita moja na nusu hivi kila kimoja, imebaki na jina lakini si urefu ule. Kwa hiyo ukikuta "doti" kwenye barua au daftari la zamani, usiigeuze kwa kanga iliyo kabatini.

Usahihi wake kwenye karatasi hauna mpinzani. Lakini ni usahihi wa hesabu, si wa kile kilichopimwa. Chumba cha bibi kwa njia hii ni sentimita 274, na chumba chenyewe kina 282. Zile programu za simu zinazogeuza vipimo zimo katika njia hii hii. Zitakupa tarakimu sita baada ya nukta, na hazijui mkono ulikuwa wa nani.

Kwa kuelewana na mtu wa pili, njia hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sharti moja: wote wawili wawe wamekubaliana mwanzoni kwamba mkono ni inchi 18. Inaandikika kwenye mkataba, inasomeka kwenye simu, na mtu aliye Mombasa anaipata vilevile ulivyoipata wewe. Kuna vitu ambavyo tayari vinauzwa kwa futi na inchi, na huko huna haja ya kujihangaisha na njia nyingine. Boti ya futi 30 ni pima tano, ni mikono ishirini, ni mita 9.14. Mbao za dukani nazo ni za futi na inchi.

Kwa wepesi, kuna hesabu ya kichwani ninayoipenda sana. Geuza kwanza ziwe wari, kisha toa sehemu ya kumi, umepata mita. Wari kumi ni mita tisa. Pima kumi ni wari ishirini, toa mbili, mita 18. Mikono kumi ni wari tano, toa nusu, mita nne na nusu. Jibu hutoka pungufu kidogo kila mara, kama sentimita moja na nusu kwa kila wari, na kwa kuwa linapungua upande mmoja tu unaweza kulitegemea. Kwa kununua kitambaa cha pazia inatosha ukiongeza kidogo. Kwa jora la wari 30 utakuwa umekosea sentimita 43, na muuza nguo hatakuachia.

Kuhusu kurekebisha, inategemea kitu chenyewe, ila kuna eneo moja ambalo naomba mtu asilifanyie mchezo, nalo ni ardhi. Ploti ya "hamsini kwa mia" ni futi, si hatua na si mita: mita 15.24 kwa 30.48. Ina futi za mraba 5,000. Thumuni ya ekari ni futi za mraba 5,445, kwa sababu ekari ina 43,560. Muuzaji akikwambia hamsini kwa mia ni thumuni ya ekari, amekupunguzia futi za mraba 445, hata kama hakukusudia. Na akianza kupiga hatua mchangani kukuonyesha mpaka, mshukuru, kisha mwite mpimaji wa ardhi.

Njia hii inamfaa mshoni, muuza nguo, seremala wa mbao za dukani, mwanafunzi, mwenye kusoma hati za zamani, na yeyote anayeagiza kitu kutoka mbali.

Njia ya pili: kiwango cha mwili wako

Hapa huulizi mkono ni inchi ngapi. Unauliza mkono wako ni sentimita ngapi, unaandika, na kutoka hapo unageuza kwa kiwango chako mwenyewe.

Wengi hukosea mwanzoni kabisa kwa kuweka mkono mezani mara moja na kusoma tepu. Mkono uliotulia mezani si ule unaotambaa ukutani. Wangu mezani una sentimita 46. Nikipima mikono kumi mfululizo sakafuni, kwa kuweka alama ya chaki kila nikiishia, hutoka sentimita 470, kwa sababu kila nikihamisha kiwiko huacha nafasi ndogo nisiyoiona. Kwa hiyo kiwango changu cha kazi ni 47. Fanya hivyo hivyo: mikono kumi, shibiri kumi, pima tatu au nne kwenye kamba, kisha gawa. Andika tarehe pia. Kijana wa miaka kumi na nne akifuata kiwango cha mwaka jana atakuwa anapima kwa mkono wa mtu mwingine.

Na tepu unayopimia mkono iwe nzima. Ya kitambaa ikitumika miaka hurefuka. Ya chuma ina kile kijiulimi mwishoni kinachocheza mbele na nyuma. Wako wanaokigonga kwa nyundo wakidhani kimelegea, kumbe kimewekwa kicheze kiasi cha unene wake, ili kipimo kiwe kilekile ukikivuta kwenye ukingo au ukikisukuma ukutani.

Njia hii nimeiona ikifanya kazi vizuri kuliko popote kwa mama yangu mkubwa, msusi wa mikeka. Ukili umejikunja kapuni pembeni yake. Hushika ncha kwa mkono wa kulia, wa kushoto huuachia ukili upite kati ya vidole huku mikono ikifunguka, mpaka kifua kimetanuka na mabega yamerudi nyuma, hapo hubana kwa kidole na kusema "moja." Kile kipande humwangukia pajani na ncha mpya hupanda mkono wa kulia. Hatazami. Pima ishirini humchukua muda mfupi kuliko mimi kutafuta tepu ndani.

Pima yake ni sentimita 158, kwa sababu mwanamke mwenyewe ni mfupi. Ukili wake wa pima ishirini ni mita 31.6. Kwa hesabu ya kitabu pima ishirini ni mita 36.58. Tofauti ni karibu mita tano, na wala hakumpunja mtu: amepima kwa pima yake, ameweka bei kwa pima yake, na mkeka anaoushona mwenyewe anajua utakula pima ngapi. Ugomvi huanza pale tu ukili unapouzwa kwa mtu anayehesabu futi sita. Mteja aliye Nairobi akiuliza, jibu la haki ni mita 31.6, na si futi 120.

Usahihi wa njia hii basi ni mkubwa kwa mtu mmoja na mdogo kwa wawili. Kuelewana kunahitaji useme kiwango chako kila mara. Wepesi wake haulinganishwi, maana kifaa unacho mwilini, hakisahauliki nyumbani, hakiishi betri. Na kikikosewa, kosa huwa la upande mmoja kila siku, kwa hiyo ukishalijua unaweza kulitoa.

Baharini ndiko inakofaa zaidi mpaka leo. Mvuvi anapohesabu mshipi alioshusha, au nahodha anaposhusha bildi, ile timazi ya kupimia kina, na kuivuta kwa pima, analinganisha mkono wake na mkono wake. Anajua chombo chake kinakula maji kiasi gani kwa pima hiyohiyo, na anajua samaki walikula wapi jana kwa pima hiyohiyo. Kugeuza kuwa mita hakumwongezei kitu. Maji yenyewe yakiwa ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita mbili siku moja, sasa sentimita kumi za mkono zina uzito gani? Hatari iko kwenye ramani za bahari. Zile za zamani za Kiingereza zimeandika kina kwa pima za futi sita, za siku hizi zimeandika kwa mita. Tano ya pima ni mita 9.14, tano ya mita ni pima mbili na mikono mitatu hivi. Kabla ya kuamini tarakimu, soma maandishi ya pembeni yanayosema ramani imetumia kipimo gani. Kwa ramani, rudi njia ya kwanza. Kwa mshipi, baki na mkono wako.

Njia ya tatu: ufito

Hii haigeuzi chochote. Unakata ufito, ule mti mwembamba wa mkoko, uwe sawa na nafasi unayoitaka, na unampelekea mkataji. Yeye analinganisha na kukata. Hakuna mkono, hakuna mita, hakuna tarakimu ya kusikika vibaya.

Kwa chumba, ufito mmoja hausaidii sana, kwa sababu ukiwa mrefu kwa wanda mmoja hauingii na ukiwa mfupi huoni vizuri kwa kiasi gani. Tumia mbili. Kila mmoja uwe mrefu kuliko nusu ya chumba. Zishike pamoja katikati, sukuma ncha ya mmoja iguse ukuta huu na ncha ya mwingine iguse ukuta wa pili, kisha zifunge kwa uzi imara pale zinapopandana na chora mstari unaozikata zote mbili kwa kisu. Hata uzi ukilegea njiani, ukirudisha mistari ikutane umepata chumba chako.

Na usipime mahali pamoja. Kuta za nyumba za zamani hazikwenda sambamba. Chumba cha bibi mlangoni kimezidi upande wa ndani kwa wanda tatu. Tena dari huwekwa juu, si chini, kwa hiyo panda ngazi upime kule boriti zitakakolala.

Kamba ni jambo lingine. Watu huiona nyepesi kubeba, nami naielewa haja hiyo, lakini ya nailoni hurefuka ukiivuta, na ya nyuzi za mmea ikilowa hufupika. Ukiivuta wewe kwa nguvu na mwenzako akaivuta polepole, mmerudi kulekule kwenye mkono wa nani. Ufito hauna tabia hiyo. Mti ukikauka hupungua unene, lakini urefu wake hupungua kidogo mno, hutaona.

Usahihi: kwa kazi ya mwashi na seremala, ni wa juu kabisa. Kuelewana: kamili, hata kama wawili hawajui kusoma au hawaongei lugha moja. Wepesi: hapa ndipo inapoumia. Fito za mita tatu haziingii kwenye ujumbe wa simu. Zitabebwa begani kupitia vichochoro, zitavuka na mashua kama fundi yuko ng'ambo, na zikivunjika njiani hujui tena kitu. Tena ufito hauna kumbukumbu. Mwaka ujao ukitaka boriti nyingine, kama zile fito zimeshapikiwa wali, unaanza upya. Mimi nikishazifunga huzipima kwa tepu na kuandika sentimita kwenye ufito wenyewe na kwenye daftari, ili nipate faida za pande mbili.

Njia hii inamfaa mwenye kazi isiyosamehe: boriti, fremu ya mlango wa nakshi itakayoingia kwenye tundu lililokwisha jengwa, rafu ya kidaka, kile kishubaka cha ukutani.

Vipimo vya ibada vina mlango wao

Nimeliweka jambo hili peke yake kwa sababu hapa njia zote tatu hugongana, na kwa sababu watu wa Amu huliuliza kweli.

Katika madhehebu ya Shafii, maji mengi, yaani yasiyonajisika kwa urahisi, ni yale yanayofika kulla (mitungi mikubwa) mbili, na vitabu huyapa umbo: chombo cha mraba chenye dhiraa moja na robo kwa urefu, upana na kina. Tazama sasa. Ukichukua dhiraa kuwa sentimita 48, kila upande ni sentimita 60, na maji ni lita 216. Hiyo ndiyo tarakimu utakayoisikia mara nyingi. Ukichukua mkono wa inchi 18, kila upande ni sentimita 57.15, na maji ni karibu lita 187. Kwa mkono wangu wa 47 ni kama lita 203. Tofauti ya sentimita mbili na kidogo kwenye dhiraa imezaa tofauti ya lita 29, karibu madumu mawili ya lita 15, kwa sababu kosa limepigwa mara tatu.

Hukumu yenyewe muulize maalim wako. Kwa upande wa kipimo, ninachoweza kusema kwa moyo safi ni kwamba unapojenga birika jipya chukua dhiraa iliyo kubwa, tena uongeze, kwa sababu birika lililozidi lita 216 limezidi tarakimu zote tatu. Na ukumbuke kupima kina cha maji, si kina cha shimo. Wale wa nyumba za zamani ambao birika lao lina bakuli la kaure chini kwa ajili ya samaki wanaokula viluwiluwi vya mbu, maji yakishuka mpaka bakuli limekaribia juu, dhiraa za ukuta hazihesabiwi tena.

Si kila kipimo cha dini kinataka tepu. Kaburi huinuliwa kadiri ya shibiri ili lijulikane, na kila anayezika hutumia kiganja chake. Hapo hakuna cha kugeuza.

Kwa hali yako

Kama unapima mwenyewe, unakata mwenyewe, na kitu kinarekebishika, kama mkeka, wavu, uzi wa kuanika nguo, baki na mwili wako. Mita hazitakusaidia chochote.

Kama unapima wewe na kukata mwingine aliye hapa mjini, na kitu hakirefuki, peleka ufito. Usiseme mikono hata kama fundi ndiye aliyekuuliza kwa mikono. Mwambie kwa adabu, "Ami, nitakuletea ufito," na hatakataa, kwa sababu naye amewahi kulaumiwa kwa mkono wake.

Kama mwingine huyo yuko mbali, Malindi au Nairobi, tumia tepu, andika sentimita, na utumie picha ya tepu ikiwa imekaa mahali pake. Hapa mkono usitajwe kabisa. Kama wewe ndiye uliyeletewa oda ya mikono kwa simu, uliza swali la mwashi kabla ya kutaja bei: mkono wa nani? Kama hajui, mtake apime kitu anachokifahamu ambacho na wewe unacho, mfano urefu wa kanga yake, aseme kimetoka mikono mingapi na shibiri ngapi. Pima ya kwako, utapata kiwango chake kwa karibu.

Kama umekuta kipimo kwenye maandishi ya zamani na aliyepima hayupo, hesabu ya inchi 18 ndiyo iliyobaki. Andika jibu lako kwa mita bila nukta nyingi. Mikono 40 ya zamani ni "kama mita 18," si mita 18.288. Kama jengo lenyewe bado limesimama, nenda ukalipime, kisha gawa kwa mikono iliyoandikwa, na utakuwa umepata urefu wa mkono wa yule fundi aliyeondoka.

Kama ni boriti, ongeza. Mwashi wetu hutaka shibiri kila upande na wanda nne za kukata, na boriti za pili nilizoagiza, kwa fito mbili zilizofungwa uzi, zilizidi kwa wanda nne kama alivyotaka. Alizipunguza kwa msumeno, moja moja, akiwa juu ya ngazi.